Kijiji cha Filamu na Kisiwa cha Kitabu

Siku yangu ya kwanza kazini nilisomeshwa dirishani. Afisa Ustawi wa Jamii, Mwingereza mrefu mwenye Kiswahili cha vitabuni, alinipokea katika jumba la ustawi mjini Tanga, akanipa kitabu chembamba, kisha akafungua dirisha lililotazama barabara. Ng'ambo palikuwa na fundi baiskeli aliyekuwa akinyoosha rimu kwa nyundo.

"Soma," aliniambia, "mpaka yule fundi aache kugonga."

Nilikuwa msichana niliyeshuka kutoka milima ya Usambaa, binti wa mwinjilisti wa Kilutheri, na cheti changu cha ualimu kilikuwa bado kipya. Sauti niliyokuwa nayo ilikuwa ya darasani na ya kwaya. Nikasoma. Fundi akagonga. Nikapandisha sauti, naye akagonga kwa nguvu zaidi.

"Unashindana naye kwa kelele," Afisa akasema. "Sikukutuma hivyo. Mpe sababu ya kunyamaza."

Nikapumua, nikarudi nyuma ukurasa mmoja. Msafiri ametupwa na bahari katika kisiwa asichokijua, watu wamemzunguka, mzee mmoja anamuuliza, "Umekuja kuchukua nini kwetu?" Swali hilo nililisoma polepole, kana kwamba ninayeulizwa ni mimi, nikanyamaza. Nyundo ikabaki hewani. Fundi akapiga ukelele kutoka ng'ambo, "Alijibuje?"

Afisa akafunga dirisha. "Kazi umepata," akasema. Yule fundi alikuja jioni hiyohiyo kutafuta jibu lake, na alikaa katika darasa letu la watu wazima hadi akajua kusoma.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ya usomaji, mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Vijana wa leo huniuliza kazi hiyo ilikuwa kazi gani. Siku zile wengi walikuwa hawajui kusoma, na waliokuwa wamejifunza karibuni walichoka haraka. Kwa hiyo jumba la ustawi liliajiri msomaji, mtu wa kusoma kitabu kizima kwa sauti, sehemu baada ya sehemu, huku wasikilizaji wakiuliza na kubishana. Asubuhi nilisomea akina mama, jioni wanaume waliotoka bandarini na kwenye karakana za reli. Msomaji hakuruhusiwa kueleza maana mpaka wasikilizaji waseme yao kwanza. Hiyo ilikuwa amri ya Afisa, na ilinipa taabu, maana mwalimu amezoea kutangulia.

Kitabu kilichopendwa kuliko vyote ni kile cha kisiwa. Katika kisiwa hicho hapakuwa na kufuli. Kazi zilibadilishwa kila mwaka, aliyelima akafuma, aliyefuma akavua. Watu wote walikula katika ukumbi mmoja kwa mlio wa kengele. Wazee waliketi mlangoni mwa ukumbi huo, na sheria za kisiwa zilikuwa vichwani mwao. Kwa ufupi, mwandishi alikuwa amejenga mji usio na dhuluma, akatualika tuukague.

Na watu waliukagua kwelikweli. Nilipopelekwa Mwera, upande wa Pangani, mzee mmoja alinisikiliza siku tatu bila kutia neno, kisha akasema, "Mwalimu, huko kisiwani sijasikia mtu akifa. Wanazika wapi?" Nikafungua kurasa zote, sikuona kaburi hata moja. Akacheka taratibu. "Basi huyo aliyeandika bado kijana."

Mwaka wa pili msimulizi wa gari la sinema aliugua kifua, nami nikaazimwa. Gari la sinema lilikuwa lori la serikali lenye jenereta nyuma, projekta, na shuka kubwa jeupe la kutundikwa kati ya nguzo mbili. Filamu nyingi hazikuwa na maneno ya Kiswahili, kwa hiyo msimulizi alisimama kando ya shuka na kipaza sauti, akaeleza kinachopita. Mkubwa wa gari alikuwa Bwana Athumani, mtu wa Tanga mjini, nadhifu, kanzu yake haikuwahi kupata doa la mafuta ijapokuwa jenereta ilikuwa mikononi mwake.

"Bibi," aliniambia, "kitabu kinakungoja. Ukikohoa, kinakungoja. Filamu haimngoji mtu. Na neno lako lisiitangulie picha, maana ukisema ng'ombe kabla ng'ombe hajatokea, watakuona mwongo."

Wengi walisema sauti ya mwanamke haitafika nyuma. Mara ya kwanza kusimulia ilikuwa Kigombe, mbele ya wavuvi na wake zao. Filamu ilikuwa ya nyumba bora, mama anapika, kila kitu kinang'aa. Nikasimulia mpaka mama mmoja akaniita kwa utulivu kabisa, "Mwanangu, mwambie huyo akifunue hicho chungu tuone wanakula nini." Watu wakacheka, nami nikacheka kwenye kipaza sauti. Bwana Athumani aliniambia baadaye kuwa ndipo alipojua nitaiweza kazi, kwa sababu walinijibu. "Msimulizi asiyejibiwa," alisema, "anasemea ukuta."

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike haya.

Upande wa Maramba palikuwa na shamba la mkonge ambalo sitalitaja jina. Wafanyakazi wake wengi walikuwa manamba, yaani watu walioandikishwa kwa mkataba kutoka mikoa ya mbali, wakaletwa kukata mkonge au kufanya kazi ya korona, mtambo wa kukamua majani hadi ibaki katani. Waliishi kambini, katika nyumba za udongo zilizoinama. Meneja alikuwa ameanza kujenga kambi mpya ng'ambo ya mto: nyumba za saruji, safu zilizonyooka, maji ya bomba. Kambi ya zamani ingebomolewa kabla ya masika. Aliomba gari la sinema liwaonyeshe watu filamu ya kijiji cha mfano, wapate hamu ya kuhama.

Tulianza mara tu giza lilipoingia. Filamu ilikuwa nzuri, siwezi kuisema vibaya. Nyumba nyeupe, akina mama wanacheka bombani, mwanamume anatoka kazini na baiskeli, watoto wana viatu. Watu walitulia. Rili ya kwanza, yaani lile gurudumu la mkanda wa filamu, ilipokaribia kwisha, mwanamke mmoja mbele akanyoosha mkono. Nilimfahamu baadaye: Mama Skolastika, Mkatoliki kutoka Songea, mke wa mkata mkonge.

"Mwalimu," alisema, "nimehesabu nyumba zote. Wazee wako wapi?"

Nikatazama picha. Hapakuwa na mzee hata mmoja. Pale mbele, juu ya gunia, alikaa Mzee Kasembe, aliyeletwa shambani akiwa kijana. Korona ilimla vidole vya mkono wa kulia. Nguvu zilipomwisha akabaki kambini akinoa visu vya wakataji, akila kwa majirani. Watu wote walimgeukia, naye akatazama miguu yake.

Nikamfasiria Meneja swali lile kwa Kiingereza, maana alikuwa ameketi kando yangu kwenye kiti. Akajibu bila kufikiri, kisha akaniambia niwaeleze.

Ningeweza kutafuta maneno laini. Lakini nilikuwa mkalimani wao kama nilivyokuwa wake. Nikashika kipaza sauti nikasema, "Bwana Meneja anasema kijiji hiki ni cha watu wenye kazi. Asiye na kazi atarudishwa kwao."

Hapakuwa na kelele. Mama Skolastika alisimama, akamshika Mzee Kasembe kwapani akamwinua. Waliokuwa nyuma yao wakainuka, kisha safu zote. Wakaondoka kimya, huku picha inaendelea kucheka juu ya shuka. Rili ya pili Bwana Athumani hakuifunga kabisa.

Meneja aliniambia nimemharibia kazi. Njiani kurudi, Bwana Athumani akasema, "Umefasiri, hukutunga. Wakikuuliza, sema hivyo tu."

Niliulizwa. Afisa Ustawi aliniita, na safari hii hakufungua dirisha.

"Meneja hataki kukuona tena shambani," alisema. "Amelalamika kwa wakubwa. Ungeweza kulainisha jibu lake."

"Ningeweza, bwana. Halafu wangehama kwa neno langu, si kwa neno lake. Siku mzee yule anafukuzwa, wangeniuliza mimi."

Akazunguka chumba. "Unadhani nini kifanyike?"

Nilikuwa nimelifikiria usiku kucha. Nikamwambia aniruhusu nirudi pale bila gari, na kitabu cha kisiwa tu. Nisome juma moja, watu wakilinganishe kijiji cha filamu na kisiwa cha kitabu, waseme wenyewe mji mwema ni upi, na Meneja aje kusikiliza siku ya mwisho. Nilijua kwamba mtu akiulizwa na mwenye mamlaka anataka nini, hujibu "Chochote, bwana." Lakini akiulizwa kisiwa cha watu wengine kina kasoro gani, hafungi mdomo.

Afisa akaacha kuzunguka. "Ukishindwa, utarudi mlimani kufundisha watoto, na mimi nitapangiwa mahali pabaya zaidi ya Tanga."

"Wapi huko, bwana?"

"Ofisi," akajibu, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akifanya mzaha. Sijui alimwambia nini Meneja. Najua nilipewa juma langu.

Nilisomea kwenye banda la kufungia katani, kazi ilipokwisha alasiri. Siku ya kwanza walikuja wachache, akina mama wengi. Siku ya tatu banda lilijaa. Alikuwepo Bi Mwanasha, Mdigo wa kijiji jirani aliyeuza vitumbua kambini, mtu mzima ambaye hata manyapara, yaani wasimamizi wa wakataji, walimwamkia shikamoo. Alikuwepo pia Petro, mkata mkonge kijana mwenye ulimi mkali. Mzee Kasembe alikaa mlangoni, kisu na jiwe la kunolea mapajani, ila hakuwa ananoa.

Walianza na ukumbi wa kulia chakula. Niliposoma kwamba kisiwani hakuna jiko la nyumbani, Mama Skolastika akakataa.

"Nikipikia watu wote kwenye sufuria moja," alisema, "nani atajua kwamba mwanangu hali mlenda? Nani atajua kwamba mume wangu leo amerudi na hasira? Hayo ninayajua kwa sahani."

"Lakini mama," Petro akasema, "kule hakuna anayelala njaa. Hapa wapo."

"Ndiyo. Basi wachukue chakula, wasichukue jiko langu."

Bi Mwanasha yeye hakukipenda kisiwa kwa sababu ya msafiri. "Wamemkalisha ufukweni siku ngapi wakimhoji? Mtu katoka kuzama, maji hajapewa. Mji gani huo mwema? Kwetu mgeni anakula kwanza, maswali baadaye."

"Na kwenye filamu, Bi Mwanasha?" nikauliza. "Mgeni uliona?"

"Filamu haina hata mahali pa kumkalisha. Baraza hakuna. Milango yote inatazama barabara, kama kwamba mtu akifungua tu, nyapara yuko hapo."

Siku hiyo niliwauliza kitu ambacho nilikuwa nimekigundua mwenyewe, nikijua navunja amri ya Afisa ya kutotangulia. Katika filamu, nani anaamuru? Hawakujua. Hakuonekana. Na katika kitabu, ambamo kila sheria imeelezwa, nani anafagia ule ukumbi baada ya watu wote kula? Nikafungua kurasa, tukatafuta pamoja. Hakusikika. Petro akasema polepole, "Basi yule aliyepiga picha alimficha bwana, na huyu aliyeandika alimficha mtumishi." Nimesoma vitabu vingi tangu hapo, na nimesikia wasomi wakizungumzia miji myema ya vitabuni na ya sinema. Sijasikia aliyeipambanua vizuri kuliko Petro, akiwa ameketi juu ya robota la katani.

Lakini Petro huyohuyo ndiye aliyewazuia wasiikatae filamu moja kwa moja. "Mnaicheka," alisema, "mimi bomba lile nalitaka. Dada yangu anachota maji mtoni, na mtoni kuna mamba. Kitabu hakina bomba. Tukichagua kwa hasira, tutakunywa hasira."

Siku ya mwisho Meneja alikuja. Alikaa kwenye kiti chake, mikono imefungwa kifuani. Nilisoma sura ya mwisho, ile ya wazee kuketi mlangoni na kumfundisha msafiri sheria, kisha nikafunga kitabu. Watu wakarudia yao ya juma zima, jiko la kila nyumba na mahali pa kumkalisha mgeni, nami nikamfasiria Meneja kila kilichosemwa, maneno ya uchungu na ya shukrani sawasawa. Alisikiliza muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Mwisho akaniambia, "Waulize, wanataka kipi basi? Filamu au kitabu?"

Nilipofasiri, watu wakatazamana. Nikaogopa kuwa lile "Chochote, bwana" limewarudia. Ndipo Mzee Kasembe akaweka kisu chini, akasimama. Juma zima hakuwa amesema neno.

"Mwambie bwana," alisema, "nyumba tunazitaka, na bomba tunalitaka, na tunamshukuru. Hatuchagui filamu wala kitabu. Lakini kijiji kisicho na mzee ni kambi ya askari. Ule mkonge wa kule juu hadi mlimani niliupanda mimi, yeye hajafika. Kama anauhesabu mkonge wangu kuwa ni mali ya shamba, basi na mimi nihesabiwe kuwa ni mtu wa shamba."

Nilifasiri sentensi kwa sentensi.

Meneja akauliza, "Nani atawalisha?"

Mama Skolastika hakusubiri tafsiri, alikwisha kumwelewa kwa kumtazama usoni. "Walewale tunaowalisha sasa," alisema. "Hatukuomba chakula. Tumeomba ukuta na paa."

Meneja aliangalia banda lote, robota na watu, kisha akainuka. Mlangoni alisimama mbele ya Mzee Kasembe, akautazama ule mkono usio na vidole. "Mwambie," akaniambia, "nitajenga safu moja zaidi. Karibu na bomba, wasitembee mbali."

Nilimwambia. Mzee alisema "Ahsante, bwana," akaketi, akaanza tena kunoa kisu. Nadhani hakutaka tumwone usoni.

Safu ilijengwa, na wazee wakahamia siku moja na wengine, kabla ya masika. Sitaki kuwadanganya kwamba kila kitu kilikubaliwa. Majiko ya nyumbani Meneja aliyakataa, akajenga jiko moja la safu. Akina mama walilitumia kuanikia nguo, wakapika nyuma ya nyumba juu ya mafiga kama desturi, na baada ya muda manyapara wakachoka kuwakemea. Geti liliwekwa, na wageni walitakiwa kusema shida yao. Bi Mwanasha aliuzia vitumbua vyake nje ya geti hilo hadi alipoacha biashara, na hakukubali kuingia hata alipoalikwa. "Siingii mahali ninapoulizwa nimefuata nini," alisema. Alikuwa na haki yake.

Afisa Ustawi hakunisifu. Aliniita, akanipa kitabu kingine, kinene zaidi, akasema, "Sasa shamba la Kigombe wanakutaka. Na Mwera. Chukua likizo kwanza." Baada ya hapo nilifanywa msimulizi kamili wa gari la sinema, mwanamke wa kwanza katika pwani yetu nimjuaye, na usomaji sikuuacha. Tukawa na utaratibu: filamu jioni, kesho yake kitabu, keshokutwa mjadala. Bwana Athumani alilalamika kwamba gari lake limegeuzwa shule, lakini kila mjadala alikaa nyuma kabisa akisikiliza, na siku moja nilimsikia akimbishia mvuvi kwamba mji mwema hauwezi kukosa mahakama, maana hata ndugu wawili hugombana kwa mwembe.

Uhuru ulipofika, wakubwa wakabadilika. Nilifanya kazi chini ya Afisa Elimu ya Watu Wazima, kijana wetu wa Muheza, aliyetaka kila darasa lijibu maswali yaliyochapwa. Tulivutana mwaka mzima, kisha naye akajifunza kunyamaza. Nilistaafu nikiwa mratibu, na sauti iliyokauka kidogo kwa sababu ya vumbi la barabara za mashamba.

Sasa nakaa Ngamiani. Magoti yamechoka, macho yanasoma herufi kubwa tu. Jioni moja wajukuu wa jirani walileta video sebuleni kwangu, filamu ya mji wa miaka ijayo: majumba ya vioo, magari yanayopaa, watu wenye afya wasiozeeka. Mama zao walikuja kuangalia, na mke wa imamu kutoka nyumba ya tatu. Mimi sikusema kitu. Ilipokwisha, kijana mmoja akauliza, kama mwenye kujisemea, "Sasa hao wanaowajengea vioo wanalala wapi?" Mwingine akamjibu, mke wa imamu akamkatalia, mama mmoja akawakatalia wote wawili, na chai ikapoa kwenye vikombe bila mtu kuikumbuka.

Nilikaa kitini pangu nikawasikiliza mpaka walipoaga. Kuwafanya watu waulize hivyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu, na naona niliifanya vizuri.